Umeuruka Lwama

Karani wa kizuizini aliishika ramani yangu juu chini. Akaitazama, akaizungusha kidogo kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba, kisha akaniuliza kwa upole, ule upole unaomtoa msafiri jasho: "Hii mipaka umeichora weye?"

Nilimwambia si mimi. Ni nakala ya ramani ya enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, nimeitoa kwenye kibanda cha fotokopi Kigoma.

"Mwenye kuichora yuko wapi?"

"Amekufa, mkubwa. Waliochora wote wamekufa."

Mwendesha pikipiki wangu alikohoa na kutazama pembeni. Ilikuwa siku ya pili tangu tuondoke Kindu, tulikovuka Lualaba kwenda Alunguli, pikipiki ikiwa imelazwa ndani ya mtumbwi kama mgonjwa anayepelekwa kwa mganga. Katika pande hizi mgeni mwenye ramani ni mmoja wa wawili: mtafuta dhahabu au mpelelezi. Nikatoa hati ya kusafiria, nikatoa barua ya utambulisho, nikatoa hata kadi ya chanjo. Kila karatasi ilisomwa, ikawekwa mezani, ikakandamizwa kwa jiwe ili upepo usiichukue. Jua lilitoka upande mmoja wa mwembe likaenda upande wa pili. Hatimaye nikasema lile nililopaswa kuanza nalo: bibi yangu mzaa baba ni Mmanyema, nimezaliwa Ujiji, nakwenda Kasongo kuona alikotoka.

"Kumbe mutoto wa hapa!" Akaikunja ramani kwa mikunjo mipya isiyofuata ile ya awali, akanirudishia. "Sasa kwa nini umeanza na makaratasi?"

Kwetu Ujiji, Wamanyema si wageni. Walivuka ziwa zama za misafara ya pembe za ndovu: wengine wapagazi, wengine askari wa bunduki, wengine wafanyabiashara, na wengi mno wakiwa mateka. Kizazi kimoja baadaye wote walikuwa watu wa mji, na aliyeuliza nani alikuja vipi alionekana hakulelewa. Bibi alikuwa na maneno matatu tu juu ya habari hiyo: "Sisi tulitoka Kasongo." Nilipokuwa mtoto niliona yanatosha. Ukubwani ndipo nilipogundua kwamba kitenzi "kutoka" kina stara yake. Hakisemi kama mtu alitoka na mzigo kichwani, na bunduki begani, au na kamba shingoni.

Ramani niliyoibeba ilikuwa na stara ya namna nyingine. Kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika unapanda mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi, hadi mahali ambapo longitudo 30 mashariki inakutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Mstari huo ulikubaliwa kati ya Ujerumani na Jumuiya ya Kimataifa ya Kongo, iliyokuwa mkononi mwa Leopold, tarehe 8 Novemba 1884. Leopold akaurudia katika tangazo lake la Agosti 1885. Ukiacha ile ncha ya ziwa, ambako Livingstone na Stanley walifika mwaka 1871, hakuna Mzungu aliyekuwa amekanyaga mahali ulipopita. Ziwa Kivu hawakujua lilipo. Lakini uzi ulikwisha kuvutwa, na nyumba ikaanza kujengwa.

Mimi nilitaka kuwaona waliojikuta ndani ya nyumba hiyo.

*

Kasongo ya leo ni mji wa barabara nyekundu, miembe mikubwa, baiskeli zilizobeba mizigo kuliko uwezo wake, na adhana inayokuja kutoka pande kadhaa, kila muadhini na kasi yake. Uislamu ulioingia na misafara haujaondoka, na kusini mwa Maniema ni moja ya sehemu za Kongo zenye Waislamu wengi. Niliamkia "shikamoo" nikachekwa. Hapa ni salamu aleikum, au jambo, na baada ya hapo mtu anakuuliza habari za nyumbani kwa Kingwana, Kiswahili cha huku, ambacho sikio langu la Ujiji lilikipokea kama sauti ya shangazi aliyehamia mbali. Nililetewa wali kwa sombe, na mama mwenye nyumba alinitazama nikila, akaridhika: "Anakula kama mutu wetu." Mpunga ulikuja huku na Waungwana wa misafara kutoka mashariki, siku hizi ni chakula cha Maniema, wala haumuulizi mlaji asili yake.

Asubuhi yake nilipelekwa Tongoni. Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip haikuwa hapa mji ulipo sasa. Mahali pake pa kale panaitwa hivyo, na jina linajieleza: tongo ni mahali palipohamwa. Nilisimama kati ya miembe iliyopandwa kwa mistari, kijana aliyenisindikiza akiokota vigae na kuvitupa tena, na mawazo yangu yakaenda kwenye Tongoni nyingine, ile ya karibu na Tanga, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Tongoni mbili, moja pwani na moja katikati ya bara. Na huko Tanga ndiko ilikoanzia ramani iliyowatia Wazungu hamu ya kuja huku. Miaka ya 1850, mmisionari Jakob Erhardt aliwauliza watu wa misafara habari za bara. Kila mmoja alimwambia njia yake inaishia kwenye maji. Erhardt na mwenzake Rebmann wakayaunganisha maji yote, wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ilipotoka mwaka 1856 ilizua ubishi mkubwa London, na mwaka uliofuata Waingereza Burton na Speke wakaanza safari ya bara.

Waliosimulia hawakukosea: Nyasa ni maji, Tanganyika ni maji, Nyanza ni maji. Kosa lilikuja pale msikilizaji alipofunga daftari na kwenda kuchora peke yake.

Mwenye mji wa Tongoni, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia ilimjua kama Tippu Tip, alikuwa na ramani bora kuliko zote, na ilikuwa kichwani. Mwaka 1874 alimwongoza msafiri Mwingereza, Cameron. Mwaka 1876 akamsindikiza Stanley kutoka Maniema kuifuata Lualaba kuelekea kaskazini. Bila watu wake Stanley asingeuanza ule mto hata maji yake yamfikishe Atlantiki. Miaka minane baadaye yale maji yakawa hoja mezani Berlin, ambako wajumbe wa nchi 14 walikaa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Sultani Barghash wa Unguja, ambaye bendera yake nyekundu ilipepea katika vituo vya wafanyabiashara hawa, hakualikwa.

Hapa ndipo mgogoro wa mpaka ulipoingia sebuleni kwa Tippu Tip. Mwaka 1883 alikuwa amerudi bara akiwa na maagizo ya Barghash ya kuishika nchi kwa ajili ya Unguja. Wakati yuko huku, huko pwani tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilipita ikiuliza utawala wa Sultani unaishia wapi. Makubaliano ya mwaka 1886 yakamwachia ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, takriban kilomita 16, pamoja na vituo vichache. Kilomita 16! Kutoka Bagamoyo huo ni mwendo wa kama siku moja tu ya msafara, na Kasongo ilikuwa mwendo wa miezi. Tippu Tip aliporudi Unguja mwishoni mwa mwaka huo, Barghash alimweleza kwamba bara hana tena uwezo nalo. Hata kisiwa chenyewe kinamponyoka. Tippu Tip ameyasimulia mazungumzo hayo mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, na ukiyasoma unasikia aliyetumwa akirudishiwa ujumbe wake.

Tarehe 24 Februari 1887, hapo hapo Unguja, akatia saini mkataba na Stanley kwa niaba ya Leopold: awe liwali wa Stanley Falls, mshahara pauni 30 kwa mwezi, apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo. Kesho yake wakapanda meli. Ili kufika kwenye nchi aliyoizoea kwa miguu kutoka mashariki, mfanyabiashara huyu akazungushwa Rasi ya Tumaini Jema na kuingizwa kwa mlango wa magharibi, kama mwenye nyumba anayeambiwa apite uani.

Nilimuuliza kijana wa Tongoni wanamkumbukaje. Akafikiri. "Wakubwa wengine wanasema alileta mpunga na dini. Wengine wanasema alibeba watu." Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Yote ni kweli." Tuliondoka kimya. Sikuwa nimemwambia habari za bibi.

Mkataba ule haukudumu. Tippu Tip aliondoka bara kabla mambo hayajachafuka, akafia Unguja mwaka 1905. Vita ilipigwa na mwanawe Sefu. Jeshi la Dola Huru chini ya Francis Dhanis liliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari Mwingereza aliyefuatana nalo, Sidney Hinde, alistaajabia utajiri waliouteka: magodoro ya hariri, sukari, mishumaa, mashamba yaliyopangwa vizuri. Ila jeshi hilo la Wabelgiji lilikuwa la Waafrika, na nguvu yake kubwa ilikuwa watu wa Ngongo Luteta, aliyekuwa jana tu chini ya Tippu Tip. Septemba mwaka uleule maofisa waliosaidiwa naye wakampiga risasi kwa tuhuma za uhaini. Askari wake hawakusahau. Tutawakuta tena njiani.

*

Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni kama kilomita 115 kwa mstari ulionyooka. Lakini mstari ulionyooka ni wa kwenye ramani. Pikipiki hufuata miguu ya watu, na miguu ya watu hufuata ukavu: unazunguka bonde, unavuka kijito juu ya magogo mawili, unashuka na kusukuma, unapanda tena. Mvua ilitukamata mara mbili. Mara ya pili tulijikinga chini ya paa la jiko la mtu, na mwenye jiko akatupa mihogo ya kuchoma kabla hajatuuliza majina.

Sefu aliuawa Oktoba 1893 katika mapigano ya upande wa mto Lwama. Rumaliza, bwana wa Ujiji, aliyekuja kusaidia kutoka ziwani, alipigwa, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Alikimbilia upande wa Wajerumani. Yaani mpaka uliochorwa na watu wasioijua nchi ulikuwa tayari umeanza kufanya kazi: ukiuvuka unapona, ukikamatwa kabla unakufa. Niliwaza ni wangapi wa kwetu walivuka wiki zile zile, bila jina la kuandikwa na mtu.

Kabambare ni makao madogo ya wilaya, kwenye nchi ya Wabangubangu, inayojulikana sasa zaidi kwa dhahabu ya Namoya kuliko kwa historia. Lakini ilikuwa kituo ambacho kila msafara kati ya ziwa na Lualaba ulikijua. Livingstone alikwama hapa kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu imejaa vidonda, akitegemea ukarimu wa wafanyabiashara wale wale wa watumwa aliowalaani. Karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya kurasa zilizokwisha kuchapwa, za magazeti na vitabu, kwa wino wa mmea wa hapa hapa, maneno yake yakipishana na ya mchapaji. Wino ulififia hata miaka ya karibuni wataalamu wakalazimika kutumia mianga maalumu kuyasoma. Na kati ya aliyoyaamini alipokuwa amelala hapa ni kwamba Lualaba ndio mwanzo wa Nili.

Ukiketi Kabambare ndipo unapouelewa ule mstari wa 1884, ingawa wenyewe uko mbali, ng'ambo ya milima. Mwaka 1894, Kabambare ikiwa imeanguka majuzi tu, Mjerumani von Götzen aliikata Rwanda akafika Ziwa Kivu. Alipolinganisha na ramani, ikaonekana kwamba mstari unaliacha ziwa lote upande wa Leopold, pamoja na kipande cha nchi ya mfalme wa Rwanda. Wajerumani wakaanza kusema mpaka wa kweli ni mto Rusizi na ziwa, si uzi wa hewani.

Hoja ilihitaji nafasi, na nafasi ikatoka kwa askari wale wa Ngongo Luteta. Mwaka 1897 walioasi katika msafara wa Dhanis huko kaskazini walianza kurudi kwao wakipigana, na mwishoni mwa 1898 wakaiteka ngome ya Kabambare. Dola Huru ikayumba mashariki yote. Wajerumani wakajisogeza hadi Rusizi na Kivu, wakasema wamekuta pako wazi. Mwaka 1900 sehemu ya waasi walivuka na kusalimisha silaha kwao.

Basi kuanzia hapo mashariki ya Kongo ikawa mali ya makatibu. Makubaliano ya muda, tume za kupima, barua, kupima tena. Waingereza nao walikuwa na kisa chao: katika mkataba wa Julai 1890 na Ujerumani walijihakikishia mlima uitwao Mfumbiro, ambao Speke aliutaja baada ya kuona vilele kwa mbali na kusikia vya kuambiwa. Miaka ishirini ikapita, kila mmoja akiuonyesha mahali pake. Hata ile longitudo 30 ilibidi itafutwe ardhini kama mbuzi aliyepotea. Hatimaye mataifa matatu yakakaa Brussels kuanzia Februari 1910, na tarehe 14 Mei wakatia saini: mpaka upite Rusizi na katikati ya Kivu, kisiwa cha Ijwi kwa Wabelgiji, Bufumbira kwa Waingereza. Mfalme wa Rwanda, aliyepoteza watu pande mbili, hakuwamo chumbani. Miaka 26 tangu uzi uvutwe, na ubishi wote juu ya ziwa ambalo wavuvi wake hawakuwahi kulipoteza.

*

Jioni ya mwisho, baada ya swala ya alasiri, nilipelekwa kwa mzee mmoja kwenye baraza lake. Macho yalikuwa yamempungua. Alikaa juu ya kiti cha kamba, fimbo kati ya magoti, akanishika mkono na hakuuachia.

"Unatoka Ujiji?"

"Ndiyo, babu."

"Ujiji ni hapa." Akaonyesha mashariki kwa kidevu. "Njia tunaijua."

Sikutoa ramani. Nilitoa daftari tu, nikamwomba anipe njia. Akaanza kuitaja kama mtu anayetaja nasaba, bila haraka: kijiji, kijito, kilima, mahali pa kulala, mahali pa chumvi, mahali ambapo zamani ulilazimika kusubiri wenzako muwe wengi ndipo mpite. Baadhi ya majina yalikuwa ya watu waliokufa. Mengine yalikuwa ya miti. Alifika milimani, akashuka Mtowa penye mitumbwi, akavuka maji, akaingia Ujiji na kunyamaza. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili.

Nikauliza lile nililokuja nalo kutoka nyumbani. "Waliopita njia hii kwenda kwetu, babu, walipita vipi?"

Mkono wake ulinibana kidogo. "Mwenye kuenda na mwenye kupelekwa walikanyaga palepale," alisema. "Njia haikubagua. Wewe unamuuliza nani?"

"Bibi yangu."

"Alisemaje?"

"Alisema tulitoka Kasongo."

"Basi mbele ya watu useme hivyo hivyo." Akakaa kimya muda mrefu, mjukuu wake akapita na mbuzi, ndipo mzee akarudi kwangu. "Lakini moyoni uache nafasi ya yule aliyefungwa. Usimfukuze kwa sababu hakutaka kutajwa."

Nilidhani tumemaliza, nikafunga daftari. Akasikia mlio wa jalada.

"Usifunge. Soma nisikie."

Nikasoma. Aliniongoza kwa kichwa, jina kwa jina. Mara mbili alinisahihisha matamshi, nikafuta na kuandika upya. Karibu na nusu ya njia akainua fimbo.

"Ngoja. Umevukaje hapo?"

Nikatazama kurasa. Sikuona kosa.

"Umeuruka Lwama," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka, meno mawili yakionekana. "Umewatoa watu hapa ukawapandisha mulimani, na mto haukuandika. Wale wote watakufa maji. Andika Lwama."

Nikaandika Lwama. Hapakuwa na nafasi kati ya mistari, ikabidi niubananishe pembeni, kwa mshale.

"Sasa anza tena kutoka mwanzo," akasema, akarudisha fimbo kati ya magoti.

Kiza kilikuwa kinaingia. Mwanamke mmoja akaleta taa, akaiweka karibu na daftari badala ya karibu na mzee. Nikaanza tena, Kabambare, polepole, nikisubiri baada ya kila jina hadi kichwa chake kiiname.